Shajara ya mradi: kusaka kanuni za kugeuza vivumishi vya Kiingereza kuwa vitenzi

Naandika hii ili mwingine akitaka kufanya kazi ya aina hii asianzie sifuri kama nilivyoanza mimi. Chanzo ni swali la mdogo wangu. Alikuwa na insha ya Kiingereza imerudi imejaa kalamu nyekundu, akaniuliza, "Kaka, kama kukifanya kitu kiwe cheupe ni whiten, na kiwe cheusi ni blacken, mbona nimekatiwa greenen?" Nikamjibu ndo Kiingereza kilivyo, kariri tu. Jibu hilo likanisumbua mpaka nalala maana halikuwa jibu, nilikuwa nimemfukuza tu. Sisi Kiswahili chetu kina utaratibu: laini inatoa lainisha, imara imarisha, rahisi rahisisha, halali halalisha, bora boresha, yaani mtoto akishaishika -sha anajiendea mwenyewe. Kiingereza nacho lazima kina kitu kinachowaongoza wenyewe, maana hawazaliwi na kamusi kichwani.

Lengo nililojiwekea: kupata kanuni chache ambazo ukipewa kivumishi unachokijua lakini kitenzi chake hukijui, unaweza kukisia na mara nyingi ukapatia. Vifaa ni jedwali kwenye kompyuta, daftari, na kamusi mbili, moja inayofuata Uingereza na moja ya Marekani. Gharama nitaihesabu kwa saa maana ndo kitu pekee nilichotumia.

Februari 3: -en kwa kila kitu

Nilichukua vivumishi 20 vifupi vya kawaida kabisa, nikabandika -en kwa kila kimoja alafu nikaenda kuvikagua kwenye kamusi. Vilivyopita ni wide, short, deep, black, white, red, soft, hard, weak na dark. Vilivyogoma ni green, blue, slow, thin, dry, cool, small, big, long na strong. Kumi kwa kumi, sawa na kurusha sarafu.

Hapo nikaingia kwenye kosa lililonila karibu wiki nzima: nikaanza kutafuta sababu kwenye maana. Nilifungua kolamu ya "aina ya sifa", nikaandika rangi, kipimo, nguvu, joto na kadhalika, nikitegemea kwamba kundi moja litapita na lingine litagoma. Hakuna kundi lililosimama. Rangi zimegawanyika, nyeupe nyeusi na nyekundu zinakubali, kijani na bluu hazitaki. Vipimo vimegawanyika pia, wide na deep ndani, long na small nje. Hata vinyume havikai pamoja, weak inakubali strong inakataa, short inakubali long inakataa, thick inakubali thin inakataa. Nilivyoendelea kubadilisha majina ya makundi ndo jedwali lilivyozidi kuharibika.

Gharama: saa kama 10, na kolamu nzima imefutwa.

Februari 9: jibu lilikuwa mdomoni

Nilichoka kuangalia skrini nikaanza kuisoma listi kwa sauti, waliopita kwanza alafu waliogoma. Jaribu na wewe. Ukisema deep, weak, short, hard, mdomo unafunga hewa kwa ghafla mwishoni. Ukisema green, thin, cool, small, slow, blue, sauti inaendelea kutiririka, unaweza kuivuta n au l au irabu mpaka pumzi iishe. Nikarudi mezani mbio.

Kanuni ikawa hivi: -en inataka kivumishi kinachoishia na sauti inayokatwa au inayokwaruza, yaani p, t, d, k, f, s, sh, th. Haitaki n, m, ng, l, r wala irabu. Nikaongeza maneno mengine kujaribu na karibu yote yakatii: sharp, ripe, cheap, damp, flat, tight, bright, straight, sad, mad, broad, thick, quick, sick, stiff, deaf, loose, coarse, fresh, yote yanachukua -en. Upande wa pili dim, warm, calm, clean, full, clear, poor, new, hakuna hata kimoja. Ndani ya waliogoma ni big tu inayoishia na sauti ya kukatwa, na mpaka leo sijapata kivumishi cha kawaida kinachoishia g au b chenye -en, kwa hiyo sauti hizo mbili nimezitoa kwenye listi.

Nilifurahi sana siku hiyo, nasema ukweli. Siku tano nilikuwa natafuta kwenye maana kitu kilichokuwa kwenye masikio.

Gharama: saa 2.

Februari 10: sauti sio herufi

Kosa la haraka lakini litakupata na wewe kama utatumia kompyuta. Niliweka fomula ya kuangalia herufi ya mwisho ya neno, ikakataa tough na rough kwa sababu zinaishia h, ikakataa wide, white, ripe na loose kwa sababu zinaishia e. Wakati tough inatamkwa inaishia f, na hiyo e ya mwisho haitamkwi kabisa. Mbaya zaidi high nayo inaishia gh kama tough lakini yenyewe inaishia irabu ukiitamka.

Dawa yake ni kolamu mpya ya sauti ya mwisho, nikaijaza kwa mkono nikifuata alama za matamshi kwenye kamusi. Inachosha ila hakuna njia ya mkato. Ningeanza nayo.

Gharama: saa 3.

Februari 14: kanuni inabana zaidi

Nikajaribu vivumishi virefu. Solid inaishia d, stupid d, honest t, lakini soliden hakuna, stupiden hakuna, honesten hakuna. Basi silabi moja tu.

Kingine ni zile konsonanti mbili mwishoni. Dark, sharp, short, damp hazina shida, r au m ikitangulia ni sawa. Lakini strict haitoi stricten, apt haitoi apten. Nikasema basi, konsonanti mbili za kukata zikikutana -en inakimbia, alafu nikagongana na soft, moist na fast ambazo zina soften, moisten, fasten. Nikakaa nazo jioni nzima mpaka nikazisikiliza kwenye rekodi: t haitamkwi! Wanasema kama sofen, moisen, fasen, t imebaki kwenye maandishi tu. Kwa hiyo kanuni haijavunjwa, lugha imeitupa konsonanti moja ili -en ipite. Hii pia inarekebisha kosa la matamshi ambalo wengi wetu tunalo, tunaitamka hiyo t kwa nguvu zote.

Zinazoishia ld na nd nazo hazitaki: cold, mild, wild, kind, blind, round. Bold inakubali lakini mpaka ianzwe na em-, embolden.

Na kuna ambazo zinatimiza kila sharti na bado hazina: wet, nice, safe, late. Kwa hiyo hii kanuni ukiitumia iwe ya kukataa kwanza. Neno likishindwa sauti, usipoteze muda, -en haipo. Neno likipita, kisia -en alafu hakikisha.

Gharama: saa 4, nyingi kwenye hizo t.

Februari 20: long, strong na high

Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye mradi mzima.

Longen hakuna kwenye Kiingereza cha leo, strongen hakuna, highen hakuna. Lakini lengthen ipo, strengthen ipo, heighten ipo. Mwanzoni nilizitia kwenye kapu la "ajabu ajabu, kariri". Alafu nikaangalia sauti za mwisho. Long na strong zinaishia ng, high irabu, zote tatu zimeshindwa mtihani wa sauti. Sasa angalia majina yake: length na strength zinaishia th, height inaishia t, na zote zinapita! Yaani kivumishi kimezuiwa mlangoni, nomino yake ikaingia badala yake.

Nikataka kuhakikisha sio bahati, nikatafuta vivumishi vyenye nomino za th ambavyo vyenyewe vinapita mtihani. Wide ina width, deep ina depth, broad ina breadth. Je kuna widthen, depthen, breadthen? Hamna. Kwa sababu hazihitajiki, wide deep na broad zinapita zenyewe: widen, deepen, broaden. Nomino inaitwa pale tu kivumishi kinaposhindwa.

Nilimwita mdogo wangu saa hiyo hiyo nikamwonyesha. Akaniuliza, "Na young yenye youth?" Nikaangalia, youthen ni adimu, karibu haitumiki. Sawa, mlango haufunguliwi kwa kila mtu, ila hizo tatu ndo zinazotumika kila siku na sasa zina sababu.

Februari 24: spelingi

Nitaipita haraka. Ikiishia e unaongeza n tu: widen, ripen, loosen. Ikiwa na herufi moja ya irabu na moja ya konsonanti mwishoni, unarudia konsonanti: redden, sadden, fatten, flatten, madden. Herufi za irabu zikiwa mbili hurudii, hata kama sauti ni fupi: deaden, deafen, sweeten. Mimi niliandika deadden kwenye listi ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimetoka kujifunza kusikiliza sauti nikasahau kuwa spelingi inaangalia herufi. Mambo mawili tofauti: sauti inaamua kama -en inakubaliwa, herufi zinaamua inaandikwaje.

Pia worse inatoa worsen na less inatoa lessen, hizi zimetoka kwenye umbo la kulinganisha. Better haichukui kitu, inatumika hivyo hivyo kama kitenzi, na lower pia.

Machi 1: kutafuta kinyumenyume, kosa kubwa

Niliona nitaokoa muda nikipakua listi ya maneno yote yanayoishia -en alafu nichague vitenzi. Usifanye hivyo. Nilipata golden na wooden, ambazo ni vivumishi vilivyotoka kwenye nomino. Nikapata broken na written, hizo ni hali ya kutendeka. Nikapata oxen na children, wingi. Nikapata listen na open ambazo hazijatokana na kivumishi chochote kwa njia hii. Hizo -en zinafanana sura tu, kazi yake tofauti, na niliingiza makumi ya maneno kwenye jedwali kabla sijagundua. Kuyatoa kulichukua muda kuliko kuyaingiza.

Lakini usafi huo ulinionyesha fasten vizuri. Mimi nilikuwa nimeandika pembeni yake "kuongeza kasi", kwa sababu fast ni haraka. Sio. Fasten ni kufunga, kukaza kitu kisitoke, kama mkanda wa kiti kwenye ndege. Imetoka kwenye maana ya zamani ya fast, yaani imara, isiyotikisika, ambayo bado inasikika ndani ya steadfast. Ukitaka kuongeza kasi sema quicken au speed up. Tangu hapo nimeongeza kolamu ya maana, na nimejifunza kwamba kupata umbo hakukupi maana bure.

Jambo lingine la kuzoea: vitenzi vya -en vingi vinafanya kazi mbili bila kubadilika. Sisi tunatenganisha, siagi imelainika, joto limeilainisha. Kiingereza ni soften kote kote. Ukishaona kitenzi hakina mtendwa, soma kama -ika, ukiona kina mtendwa, soma kama -isha.

Gharama: saa 6, na nusu yake ni kufagia.

Machi 8: -ify na -ize, kuanza vibaya tena

-en imekamilika kwa kiasi cha kutosha, nikahamia kwa hawa wakubwa. Nilijua -en ni ya asili ya Kijerumaniki, yaani ule ukoo wa lugha ambao Kiingereza na Kijerumani vimetoka humo, ya Waingereza wenyewe toka zamani. -ify ilitoka Kilatini ikapitia Kifaransa, na ndani yake kuna kitenzi cha Kilatini facere, kufanya. -ize asili yake ni Kigiriki, ikapita Kilatini na Kifaransa. Kifaransa kiliingia kwa wingi baada ya Wanormani wa kaskazini ya Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, kwa hiyo nikafikiri nitapanga kwa ukoo wa neno: ya nyumbani -en, ya Kifaransa na Kilatini -ify, ya Kigiriki -ize.

Ilisaidia kidogo. Inaeleza kwa nini just na false, ambazo ni silabi moja na zinaishia vizuri kabisa, zinasema justify na falsify badala ya justen na falsen: zimetoka Kilatini na Kifaransa. Lakini moist nayo imetoka Kifaransa na inachukua -en. Pretty na ugly sio za Kilatini na bado kuna prettify na uglify. Na modern, legal, general, national, zote za Kilatini, zinachukua -ize. Ukoo peke yake hautoshi, na mwanafunzi wa kawaida hajui ukoo wa neno.

Gharama: saa 5, nimebakiza sentensi moja tu kwenye kanuni.

Machi 15: mkazo

Safari hii sikusubiri wiki, nilianza kusoma kwa sauti siku ya kwanza. Nitaandika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa.

MO-dern, MO-der-nize. LE-gal, LE-ga-lize. GE-ne-ral, GE-ne-ra-lize. NA-tio-nal, NA-tio-na-lize. Mkazo haukusogea hata kidogo, na silabi ya mwisho ya kivumishi ni dhaifu.

Sasa -ify: pure, PU-ri-fy. Simple, SIM-pli-fy. Clear inabadilika kidogo kuwa CLA-ri-fy. In-TENSE, in-TEN-si-fy. Di-VERSE, di-VER-si-fy. Kila mara mkazo uko mgongoni mwa -ify, silabi inayoitangulia. Na pale ambapo kivumishi kina silabi dhaifu mwishoni, -ify inaulazimisha mkazo uhame: SO-lid inakuwa so-LI-di-fy, HU-mid inakuwa hu-MI-di-fy, A-cid inakuwa a-CI-di-fy.

Kwa hiyo picha ni hii. -ify inataka iguse silabi yenye mkazo, inafaa vivumishi vya silabi moja au vyenye mkazo mwishoni. -ize inataka ikae baada ya silabi dhaifu, inafaa vivumishi virefu vinavyoisha kwa udhaifu, hasa vile vya -al, -ar, -an: normalize, centralize, popularize, Americanize. Hata prettify na uglify zinakaa sawa, y ya mwisho inadondoka, inabaki pret na ug zenye mkazo, -ify inakaa juu yake. Zile zilizoharibu kanuni ya ukoo zimetii kanuni ya mkazo, hapo ndo nilijua niko sehemu sahihi. Kuna wabishi, immune ina mkazo mwishoni lakini inatoa IM-mu-nize na mkazo umerudi mbele, hiyo nimeiweka pembeni na alama.

Sisi Waswahili tuna shida yetu hapa na lazima niiseme. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ukiongeza kitu unasogea nao: ra-HI-si, ra-hi-SI-sha. Tunalibeba hilo tunasema mo-der-NI-ze kwa nguvu katikati. Mdogo wangu alikuwa anafanya hivyo kwa kila neno la -ize. Dawa iliyomfaa ni kusema kivumishi kwanza kama kilivyo, LEGAL, alafu kuiongeza -ize kwa sauti ya chini bila kugusa kilichotangulia. Siku tatu akawa sawa.

Gharama: saa 4, zenye faida.

Machi 18: mabadiliko ya shina na -efy

Marekebisho madogo ya shina: stable inatoa stabilize, ile -ble inafunguka kuwa -bil-. Fertile, mobile na sterile zinaacha e. Public inatoa publicize na c inageuka s kwenye matamshi. Electric inaacha -ic, electrify, na specific inatoa specify. Beautiful ni mtego, beautify imekaa juu ya nomino beauty, usihangaike kuikata -ful.

Kosa la kurekebisha: niliandika putrify, stupify na rarify. Kamusi ikanirudisha, ni putrefy, stupefy, rarefy, pamoja na liquefy. Hizi nne zina e kwa sababu Kilatini chake kilikuwa na -facere moja kwa moja badala ya -ficare. Ziandike ukutani.

Na hiyo liquid ilinipa siku nzima ya kazi kwa sababu ina watoto watatu wasiofanana. Liquefy ni kuyeyusha, kufanya gesi au kitu kigumu kiwe kimiminika. Liquidize ni kusaga chakula kwenye blenda kiwe majimaji. Liquidate ni kufilisi kampuni, kuuza mali na kulipa madeni. Ukichanganya ya kwanza na ya mwisho kwenye ripoti ya ofisini unaweza kuleta taharuki. Equal nayo hivyo hivyo: equalize kusawazisha, equate kusema viwili ni sawa, na equal yenyewe kufikia sawa. Kwa hiyo pale kamusi inapotoa zaidi ya kitenzi kimoja usichague kinachosikika vizuri, soma maana zote.

Machi 22: -ize au -ise

Mdogo wangu alikatiwa modernize mahali pamoja na modernise mahali pengine, kila mtu na kalamu yake. Jibu ni kwamba Marekani wanaandika -ize, Uingereza wanatumia zote mbili na -ise ndo imezoeleka zaidi, lakini kamusi za Oxford zinaweka -ize mbele. Chagua moja ukae nayo insha nzima.

Kosa nililofanya: niliamuru kompyuta ibadilishe kila -ise kuwa -ize kwenye listi yangu. Nikazalisha advize, surprize, exercize, revize, supervize, televize. Hayo yote ni makosa popote duniani, maana -ise ya hapo sio kiambishi chetu, ni sehemu ya shina. Nimerudisha moja moja kwa mkono. Fanya hivi: ondoa -ise uone kinachobaki, kikiwa kivumishi au nomino inayoeleweka mara nyingi unaweza kubadilisha, kikibaki adv au surpr, acha, na ukiwa na shaka hakikisha kwenye kamusi.

Gharama: saa 2 za kurudisha kilichoharibiwa kwa sekunde moja.

Machi 29: -ate

Hapa sina kanuni safi na sitajifanya ninayo. Active inatoa activate, valid validate, domestic domesticate, authentic authenticate, different differentiate, alien alienate. Ninachoweza kusema ni kwamba nyingi ni za Kilatini na zina sura ya kiofisi au kisayansi, na kwa vivumishi vya -ic ni vizuri kuangalia -ate na -ize zote mbili, maana domestic inakwenda huku na romantic inakwenda kule, romanticize. Captive inatoa captivate ambayo maana yake ni kuvutia mtu mpaka ashindwe kugeuka, sio kumkamata.

Kitu cha thamani zaidi ni matamshi. Separate na moderate ni vivumishi na vitenzi bila kubadilika maandishi, lakini kivumishi kinaishia kama -et nyepesi na kitenzi kinaishia -eit kamili. Ukisikia hiyo -eit ujue kuna mtu anafanya kitu.

Aprili 4: wasiotaka chochote, na wanaovaa mbele

Sasa lile swali la mwanzo. Vile vivumishi vilivyokataliwa na -en kwa ajili ya sauti vinafanyaje? Vingi havifanyi kitu, vinatumika vilivyo: to slow, to dry, to cool, to warm, to thin, to dim, to clean, to clear, to calm, to empty, to narrow. Green nayo imo humo, to green ni kitenzi. Perfect nayo ipo ila inahamisha mkazo, kivumishi ni PER-fect na kitenzi ni per-FECT.

Wet nayo ni to wet, kwa hiyo wetten haikuhitajika. Brief iangalie kwa makini, to brief ni kumpa mtu maelezo, kufupisha ni shorten.

Wengine wanavaa mbele badala ya nyuma: large enlarge, rich enrich, able enable, noble ennoble, bitter embitter. Hiyo en- ya mbele imetoka Kilatini kupitia Kifaransa, haina undugu na -en ya nyuma, zimefanana tu. Enlighten na enliven zimevaa kote kote.

Na kuna wazee kabisa waliobadilisha irabu ya ndani: full ikawa fill, hot ikawa heat, whole ina heal. Zamani sana kulikuwa na kiambishi cha kufanyisha ambacho kimeshapotea na kimeacha alama kwenye irabu tu, kwa mtindo ule ule wa food na feed. Nimeziandika tatu hizo na kuendelea.

Aprili 11: mtihani

Nilitaka kujua kama kanuni zinafanya kazi kichwani mwa mtu mwingine. Nikamtungia mdogo wangu vivumishi vinne ambavyo havipo, ili asiweze kukumbuka: plick, dran, sorval, glumid, zile mbili za mwisho nikamsomea na mkazo mwanzoni. Plick akasema plicken bila kusita. Dran akasita, akasema, "Inaishia n, kaka, basi ni to dran tu." Sorval akasema sorvalize, na mkazo akauacha mwanzoni. Glumid alisema glumiden kwanza, akahesabu silabi kwa vidole, akajirekebisha, glu-MI-di-fy.

Kisha akanirudishia kazi. Alikuwa anasoma hadithi ya Kiingereza akakutana na quieten. Silabi mbili, na imechukua -en. Nimeangalia kamusi zote mbili: ipo kweli, ni ya Kiingereza cha Uingereza, Wamarekani wanasema to quiet. Nimeiingiza safu ya 214, kolamu ya wabishi, na nimeandika pembeni nani ameileta.